Nani Alikuambia Usubiri? Historia ya Konsoli Kuisha Madukani

Wasee, tuanze na stori ambayo kila mtu anaijua. Novemba 2020 PS5 ilitoka. Ikaisha siku hiyo hiyo. Ikarudi, ikaisha tena. Ilibidi tungoje hadi Januari 2023 ndio Jim Ryan, aliyekuwa mkubwa wa PlayStation, asimame Las Vegas kwa maonyesho ya CES aseme kuanzia sasa mtu akitaka PS5 ataipata bila kuhangaika sana. Hiyo ni miaka miwili na zaidi. Na kwa hiyo miaka yote, mtaani kwetu maelezo yalikuwa moja tu: Sony wameficha mzigo ndio bei ipande.

Mimi sinunui hiyo stori, na nitawaonyesha mbona. Lakini pia sinunui ile ya pili, ya watu wa kampuni, ati uhaba ni kitu hutokea tu, kama mvua ikikosa kunyesha. Mashine zikiwa chache kuna mtu amekaa mahali anaamua zinaenda wapi kwanza, na nani atangoja. Niliacha chuo, kwa hivyo sina mhadhara wa kuwapa, lakini nimecheza PS2, PS3 na PS4 kwa vibanda vya mtaa tangu nikiwa darasa la pili. Hili swali la nani anangoja nimeishi nalo.

Ukitaka kuelewa mbona kampuni za gemu huogopa kutengeneza nyingi, twende kwanza Alamogordo, mji mdogo wa jangwani katika jimbo la New Mexico, Marekani. Septemba 1983 malori ya Atari yalifika kwa dampo la huo mji yakamwaga kaseti za gemu. Zikapondwa, kisha zikamwagiwa saruji juu. Kati yao ilikuwa E.T., gemu iliyotengenezwa kwa wiki tano hivi ndio iwahi Krismasi ya 1982. Atari walikuwa wametoa kaseti kama milioni 4, na nyingi hazikupata mnunuzi. Kwa miaka mingi watu walidhani hii ya kuzika kaseti ni hekaya tu, hadi Aprili 2014 wakachimba mbele ya kamera wakazipata.

Biashara ya gemu za nyumbani Marekani ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola bilioni 3 mwaka wa 1983. Kufikia 1985 ilikuwa imebaki kama milioni 100. Soma hiyo tena polepole. Maduka yalikuwa na rafu zimejaa kaseti ambazo hakuna mtu anataka, zinauzwa kwa bei ya kutupa, na wenye maduka wakaapa hawatagusa tena kitu kinaitwa gemu.

Nintendo waliingia Marekani katikati ya hiyo matanga. Mwaka wa 1985 huko New York ilibidi waambie wenye maduka: wekeni tu, mtalipa baadaye, na zisipouzika tutazichukua. Wakafanikiwa. Lakini hofu ya Alamogordo haikuwatoka. Waliweka sheria kwamba kaseti zote za mashine yao zinatengenezwa na wao wenyewe, hata kama gemu ni ya kampuni nyingine, na ndani ya mashine kulikuwa na chipu ya kufungia nje kaseti ambazo hawakuzipitisha. Kampuni ya nje iliruhusiwa gemu tano tu kwa mwaka. Ukitaka kaseti unaomba Nintendo, unalipa, kisha unangoja uone utapewa ngapi.

Halafu ikafika 1988. Hapa Kenya huo ndio mwaka wa mlolongo, wazazi wetu wakijipanga nyuma ya mgombea na anayehesabu akihesabu anavyotaka. Watoto wa Marekani nao walikuwa na mlolongo wao, wa Super Mario Bros. 2 na Zelda II. Chipu za kuweka ndani ya kaseti zilikuwa zimeadimika, gemu zikacheleweshwa, na wazazi wakazunguka duka hadi duka kabla ya Krismasi wakitafuta. Mwaka huo Nintendo waliuza kaseti milioni 33, na kulikuwa na makadirio kwamba soko lingemeza hadi milioni 45. Desemba Atari Games, kupitia tawi lao la Tengen, wakawapeleka kortini wakisema Nintendo wamelikalia soko peke yao.

Hapa ndipo ile stori ya mtaani ya kuficha mzigo ina ukweli kidogo. Chipu zilikuwa chache kweli. Lakini aliyegawa hizo chache alikuwa mmoja, alikuwa anapenda duka libaki na njaa kidogo kuliko lishibe, na alijua mtoto akiambiwa imeisha atarudi kesho akilia zaidi. Kila mtu anayeamini kampuni huficha konsoli, hata kama hajawahi kusikia jina Tengen, anarudia malalamiko ya wakati huo.

Japani ilikuwa na vituko vyake. Super Famicom ilizinduliwa 21 Novemba 1990, siku ya Jumatano, na Nintendo walisafirisha mashine usiku kwa siri kwa sababu waliogopa majambazi wa yakuza wangeteka malori. Mashine 300,000 ziliisha kwa saa chache. Fujo ilikuwa kubwa hadi serikali ikaomba kampuni za gemu siku nyingine wazindue wikendi, watu wasikose kazi na watoto wasikose shule. Angalia kalenda uone PS2 ilitoka lini Japani: 4 Machi 2000. Jumamosi.

Na sasa PS2. Hii nataka tukae nayo, kwa sababu ni mashine ambayo ilitulea.

Ule mwezi wa kwanza Japani ilikuwa moto. Marekani ilipangiwa 26 Oktoba 2000, na Sony walikuwa wameahidi mashine milioni 1 siku ya kwanza. Mwezi mmoja kabla, wakasema samahani, ni 500,000. Sehemu za kutengenezea hazikutosha. Bei ya duka ilikuwa dola 299, lakini kwenye mnada wa eBay watu walikuwa wakiuziana kwa zaidi ya dola 1,000. Kwa hivyo ukiona kijana wa 2020 analaani walanguzi wa PS5 kama ni kitu kipya, mwambie babu yao alikuwa kazini miaka 20 kabla.

Lakini kuna sehemu ya hii hadithi ambayo mashabiki wa Marekani hawakuwa wanaiona kutoka kwa foleni yao. Vifaa vya kielektroniki vinahitaji kapasita, vipande vidogo sana vya kuhifadhi umeme, na kapasita nzuri ndogo hutumia madini yanaitwa tantalamu. Tantalamu hutoka kwa koltani. Mwaka wa 2000 kila mtu alitaka simu, kila mtu alitaka kompyuta, na sasa konsoli mpya, yote mara moja. Bei ya tantalamu ikapanda karibu mara kumi kabla ya mwaka kuisha.

Sehemu kubwa ya tantalamu ya dunia wakati huo ilitoka Australia. Lakini bei ikiruka hivyo, mtu yeyote aliye na koltani chini ya miguu yake anakuwa tajiri, ama anakuwa windo. Kivu, mashariki mwa Congo, kulikuwa na vita. Watu wanaoongea Kiswahili kama mimi na wewe, kwa lafudhi yao, waliacha mashamba wakaingia kuchimba kwa mikono na sepeto. Wengine waliingia hadi ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, na sokwe wakubwa na ndovu wa huko wakageuka nyama ya wachimbaji. Vikundi vyenye bunduki vilikaa juu ya migodi vikitoza. Jopo la wataalamu la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti Aprili 2001, na hesabu yao ilikuwa kwamba jeshi la Rwanda lingeweza kuwa lilipata dola milioni 20 kwa mwezi kutoka kwa koltani pekee.

Kuna watu hapa intaneti huita hiyo vita ya PlayStation. Mimi naona wanazidisha. Vita vilikuwepo kabla ya PS2, na simu zilikula koltani nyingi kuliko konsoli. Lakini ukisoma lile neno uhaba kwa gazeti la Marekani la 2000, na ukisoma ile ripoti ya 2001, unaona ni foleni moja, ina ncha mbili. Ncha moja mtoto wa Chicago anangoja mashine. Ncha nyingine mtoto wa rika lake yuko kwa shimo. Mwisho wa 2001 bei ilikuwa imeanguka tena, Sony walikuwa wanatoa PS2 za kutosha, shabiki akasahau. Wachimbaji wakabaki na mashimo, na mashamba ambayo hayakupandwa.

PS2 ikaenda ikauza zaidi ya mashine milioni 155, konsoli iliyouza zaidi katika historia. Nyingi zilifika huku zikiwa tayari zimechezewa na mtu mwingine, zimefunguliwa na fundi ndio zisome CD za 100 bob. Hakuna mtu alituuzia rasmi. Tuliipata wengine waliposhiba.

2006 nitaipita haraka. PS3 ilikosa leza za bluu za kusomea Blu-ray, Ulaya wakasukumwa hadi Machi 2007, na huko Putnam, Connecticut, mtu aliyekuwa kwa foleni ya usiku alipigwa risasi na wezi waliokuja kuibia waliopanga laini. Risasi, kwa sababu ya PlayStation. Wii ilitoka siku mbili baada ya PS3, na Krismasi ya 2007, mwaka mzima baadaye, bado ilikuwa haipatikani, hadi Nintendo na maduka ya GameStop wakawa wanauza karatasi: lipa bei yote sasa, mashine utakuja kuchukua Januari. Fikiria kumfungia mtoto karatasi kama zawadi.

Sasa turudi kwa PS5, na lile dai kwamba ilifichwa.

Kufikia mwisho wa Desemba 2020 Sony walikuwa wametoa PS5 milioni 4.5. Unajua PS4 ilikuwa ngapi kwa kipindi kama hicho, mwisho wa 2013? Kama hiyo hiyo. Julai 2021 wakasema PS5 imevuka milioni 10, na hakuna PlayStation iliwahi kufika hapo haraka hivyo. Yaani wakati ule ule mtandao mzima ulikuwa ukilia haipatikani, ilikuwa inauzwa kwa kasi kuliko ndugu zake wote. Na mwanzoni ile ya dola 499 ilikuwa inauzwa kwa hasara. Ni Agosti 2021 ndio Sony walisema sasa hasara imeisha. Pesa yao iko kwa gemu na usajili. Mtu ambaye faida yake inaanza baada ya wewe kufika nyumbani na mashine atakuficha mashine ya nini?

Kilichotokea ni foleni juu ya foleni. Chipu kuu ya PS5 imeundwa na AMD na inatengenezwa na TSMC kule Taiwan. Chipu kuu ya Xbox Series X? AMD, TSMC. Chipu za kompyuta nyingi mpya za mwaka huo? AMD, TSMC. Watu waliokuwa wakitukanana intaneti kuhusu konsoli gani ni bora walikuwa wamesimama kwa mlango mmoja. Juu ya hapo korona ikafungia dunia ndani, kila mtu akataka skrini. Kampuni za magari zilikuwa zimefuta oda zao za chipu mapema 2020 zikidhani hakuna atakayenunua gari, kisha zikarudi mbio zikakuta nafasi zimechukuliwa. Na si chipu kubwa pekee. Konsoli ina chipu ndogo ndogo za bei rahisi, za kupima umeme na kadhalika, na ukikosa moja ya bei ya mandazi, mashine nzima haiondoki kiwandani. Machi 2021 kiwanda cha Renesas Japani kikashika moto, na wiki hiyo hiyo karibu ile meli Ever Given ikakwama Suez siku sita. Kiwanda kipya cha chipu huchukua miaka kujengwa. Hakuna njia ya mkato hapo.

Halafu kukawa na mlangoni. Walanguzi walikuja na boti. Si zile za Lamu, naongea kuhusu programu za kujinunulia zenyewe, zinazobonyeza kabla wewe hujamaliza kupepesa. Tarehe 25 Novemba 2020 maduka ya Walmart yaliweka PS5 mtandaoni, na wakasema kwa nusu saa ya kwanza walizuia majaribio ya boti zaidi ya milioni 20. Marekani ilikuwa na sheria ya 2016 dhidi ya boti, lakini ni ya tiketi za shoo tu. Wabunge wakaleta mswada wa kuipanua ifike kwa vitu kama konsoli, na haukupita.

Mlanguzi namchukia kama wewe. Lakini ukiwa Nairobi unagundua kitu: kwetu mlanguzi hakuvamia duka. Kwetu mlanguzi ndiye duka. Hakukuwa na mzigo rasmi wa kuvamiwa. PS5 zilizofika hapa zilikuwa zimenunuliwa mahali pengine na mtu, Dubai, Uingereza, popote, zikabebwa, zikaongezwa bei kila mahali ziliposimama.

Nitawapa mfano niliouona. Mwenye kibanda tulichokuwa tunachezea aliamua Januari 2021 ananunua PS5. Korona ilikuwa imemfungia miezi mingi, akafungua na akataka kurudisha vijana na kitu kipya. Dola 499 wakati huo ilikuwa kama shilingi 55,000. Duka moja la tao lilimwambia 98,000, aweke 30,000 kwanza kushika nafasi. Akaweka. Akangoja wiki saba. Walipompigia ilikuwa imekuwa 115,000, ati soko limebadilika. Akadai pesa yake, wakamrudishia kwa M-Pesa vipande vitatu, kila kipande baada ya simu kumi za matusi. Akanunua PS4 mbili za ex-UK, akaweka na viti vya plastiki vinne, na biashara ikarudi.

Jumamosi moja nilikaa pale nikihesabu vichwa. Kwa zile PS4 mbili walipita vijana 61. Shilingi 20 kwa mechi, anayeshinda anabaki, anayeshindwa anarudi nyuma ya laini. Hiyo laini ndiyo ya haki kuliko zote nilizowahi kusoma. Hakuna boti, hakuna wa kujuana, na ukijaribu kupenya dogo wa miaka tisa anakuvuta shati.

Lakini angalia vile hao 61 wanaonekana ukiwa Tokyo. Mtandao wa PlayStation hauna Kenya. Ukifungua akaunti, kwa ile orodha ya nchi hatuko, kwa hivyo kila mmoja wetu ameandika anaishi Marekani ama Uingereza. Zile PS4 mbili zilikuwa na akaunti moja, na hiyo akaunti ina anwani ya Florida ambayo mwenye kibanda aliitoa kwa ramani. Kwa hesabu ya kampuni, hao vijana 61 ni mwanaume mmoja wa Florida ambaye anapenda FIFA kupita kiasi. Mwaka ukiisha, wakikaa mezani kugawa mashine kufuatana na mahali wateja wako, sisi tumeongeza mzigo wa Florida.

Na usiniambie ni mambo ya usafiri na ushuru. Mei 2024 Sony walisema wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Gemu ikatolewa sokoni katika nchi 177 ambazo huo mtandao haufiki, sisi tukiwemo. Dunia ikapiga kelele, kwa siku chache tu Sony wakarudi nyuma kuhusu akaunti. Lakini kwa nchi nyingi kati ya hizo gemu haikurudi sokoni hivi hivi, watu walizidi kufungiwa nje. Hii ni faili, wasee. Faili haina koltani. Haipandi meli, haikwami Suez, ukiinakili mara milioni haiishi. Na bado kulikuwa na foleni, na bado sisi tulikuwa nyuma yake.

Nintendo ndio wamejaribu kitu tofauti. Switch 2 ilikuwa inatoka 5 Juni 2025, na kule Japani wakaamua kuuza kwa bahati nasibu kwa tovuti yao, na sio kila mtu anaingia. Lazima uwe umecheza Switch ya kwanza angalau saa 50 kufikia mwisho wa Februari, na uwe umelipia usajili wao wa mtandaoni mwaka mzima. Mlanguzi hana saa 50, ana kadi za benki tu. Waliojiandikisha kwa bahati nasibu ya kwanza walikuwa kama milioni 2.2, na bosi wao Shuntaro Furukawa akatoka kuomba radhi kwamba wengi hawatapata. Lakini wakatoa mashine nyingi, milioni 3.5 duniani kwa siku nne za kwanza, na kwa kweli vilio havikuwa vile vya PS5.

Ni njia nzuri. Nasema hivyo kwa moyo mweupe, kama ningekuwa Osaka ningepiga makofi. Shida ni kwamba nikisoma hiyo sheria ya saa 50 namwona kijana mmoja wa pale kibandani, wa kidato cha tatu, anacheza tangu akiwa na miaka saba. Huyo ana maelfu ya saa. Ukimwekea FIFA yoyote, kontrola yoyote, hata ile yenye kitufe kimekwama, anakufunga. Na hana hata dakika moja kwa jina lake. Mashine ikimuuliza ni nani, jibu ni yule mzee wa Florida. Njia ya haki kuliko zote ambayo kampuni imewahi kubuni bado inaanza kwa kuuliza kama unamiliki mashine.

Na kuna foleni nyingine inapangwa saa hii. Kuanzia mwisho wa 2025 bei ya memori za kompyuta imepanda kwa fujo, kwa sababu vituo vya data vya AI vinanunua kila kitu kiwandani. Desemba 2025 Micron walitangaza wanaacha kuuza memori kwa watu wa kawaida kwa lile jina lao la Crucial, wahudumie wateja wakubwa kwanza. Konsoli inahitaji memori kama hizo. Mwaka wa 1988 tulikuwa nyuma ya watoto wa Marekani, na 2021 nyuma ya magari. Sasa tuko nyuma ya roboti inayomwandikia mtu insha.

Mwenye kibanda bado ana zile PS4 mbili, moja inapiga kelele kama posho mill. Mechi imepanda, ni 30 sasa. Niambieni kwenu ni ngapi, na akaunti ya hapo inaishi nchi gani. Nataka kuchora ramani.